Kutembea kwa Ruhusa

Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi na moja alfajiri, utatukuta katikati ya Nairobi tumejikunyata kando ya matatu mbili za kukodi. Hicho ndicho kikundi chetu cha kupanda milima. Kuna mwalimu, kuna fundi wa simu, kuna mama wa watoto watatu anayesema huku ndiko mahali pekee ambapo hakuna anayemwita. Pesa tulishatuma kwa M-Pesa: nauli, ada ya msitu, malipo ya mwelekezaji na chai ya kurudi. Kiongozi anasoma majina kama mwalimu wa zamu. Usipoitika mara ya tatu, utaliona gari kwa nyuma.

Siku ninayotaka kuieleza tulikuwa tunaenda Elephant Hill, upande wa kusini wa milima ya Nyandarua, ile ambayo ramani nyingi bado zinaiita Aberdare. Njia inaanzia kituo cha msitu cha Njabini, Kinangop Kusini. Ukishaacha mashamba ya viazi na kabeji unaingia kwenye miti, halafu mianzi, halafu matope ya kumnyang'anya mtu kiatu. Ukitoka kwenye mianzi unafika mahali ambapo wapandaji wamepabatiza Kituo cha Kukata Tamaa, kwa sababu hapo ndipo unapogundua kwamba kilele ulichodhani umekikaribia bado kiko mbali sana. Wengine huketi hapo, wakala mayai yao, wakarudi.

Tulitembea kwa mstari mmoja. Mbele alikuwa askari wa msitu na bunduki yake, kwa sababu ya ndovu na nyati. Nyuma kabisa alikuwa mtu wa kufunga mstari, ambaye kazi yake ni kuhakikisha hakuna anayeachwa. Tulihesabiwa tukiingia na tukahesabiwa tukitoka.

Sasa, shosho yangu anaishi hapo chini, si mbali na Njabini. Jioni niliaga wenzangu nikaenda kulala kwake. Huniita wajina, kwa maana nilipewa jina lake. Alinitazama kuanzia miguuni kwenda juu, maana matope yalikuwa yamefika magotini.

"Umetoka wapi hivyo, wajina?"

"Msituni, shosho. Tulikuwa tunatembea."

"Mlikuwa mnatafuta nini?"

"Hakuna. Kutembea tu."

"Na mlilipa?"

"Tulilipa."

Akageuza kuni jikoni, akanyamaza. Kisha akauliza, "Na huyo askari mwenye bunduki, alikuwa anawalinda ama alikuwa anawachunga?"

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nilipoona hacheki nikaelewa kwamba ameniuliza swali la kweli, na kwamba sina jibu.

Nimekaa na swali hilo kwa miezi mingi. Nimesoma nilichoweza kusoma, nimemuuliza shosho mengine, naye amejibu yale aliyotaka kujibu. Nilichogundua ni kwamba hili jambo la watu kuamka mapema na kwenda mlimani kwa raha zao, ambalo mimi nililiona la kawaida kama kwenda sokoni, lina historia. Na kwa watu wa kwetu, historia hiyo si ndefu.

Tuanze na majina. Wakikuyu waliiita milima hii Nyandarua kabla ya mgeni yeyote kupita hapo na daftari. Joseph Thomson, msafiri Mskoti, alipita katika safari yake ya 1883 na 1884, akaipa jina la Lord Aberdare, aliyekuwa rais wa Royal Geographical Society ya London. Bwana huyo hakuwa na haja ya kuiona milima ili iitwe kwa jina lake.

Mwaka wa 1899 akaja Halford Mackinder kupanda Mlima Kenya, ambao kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, makao ya Ngai, mlima ambao wazee waliuelekea wakiomba. Msafara wake uliondoka Nairobi mwishoni mwa Julai. Walikuwa Wazungu 6, Waswahili 66, Wakikuyu 96 na waelekezi 2 Wamaasai. Jumla watu 170. Tarehe 13 Septemba watatu walifika Batian, kilele chenye mita 5,199: Mackinder mwenyewe na waelekezi wake wawili kutoka milima ya Alps, César Ollier na Joseph Brocherel. Vilele vikapewa majina ya viongozi wa Wamaasai, Batian, Nelion na Lenana. Huo ulikuwa msafara wa watu 170, na mimi shuleni nilifundishwa jina moja. Wale 66 waliobeba mizigo na hema hadi kwenye baridi ile, sikuwahi hata kuambiwa kwamba walikuwepo.

Miaka ikapita, kukawa na chama. Mwaka wa 1938 lilianzishwa tawi la Kenya la Mountain Club of East Africa, na mwaka wa 1949 likawa Mountain Club of Kenya, ambayo ipo hadi leo na ina wanachama wa kila rangi. Lakini siku zile kupanda mlima ulikuwa mchezo wa walowezi na maafisa wa serikali. Mwafrika alikwenda pia, ila alikwenda na mzigo kichwani.

Na usidhani alikuwa na nafasi ya kwenda kivyake. Sheria ya kipande ilipitishwa mwaka wa 1915 na kuanza kutumika kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Mwanamume Mwafrika wa miaka 16 na zaidi alitakiwa kubeba cheti cha alama za vidole na rekodi ya kazi zake, ndani ya kikopo cha chuma, na wengi walikivaa shingoni. Ukikutwa bila kipande, kuna faini au jela. Kwa hivyo watu walitembea, tena sana, kwa miguu, masafa ambayo sisi tungeyapigia picha ishirini. Lakini walitembea kutoka mahali fulani kwenda mahali fulani, na sababu yao ilikuwa imeandikwa. "Kutembea tu" halikuwa jibu ambalo polisi angelikubali.

Kuna kisa kimoja ambacho wapanda milima wanakipenda sana. Januari 1943, wafungwa watatu wa vita Waitaliano walitoroka kambi ya Waingereza iliyokuwa Nanyuki. Mmoja wao, Felice Benuzzi, alikuwa ameuangalia mlima huo kutoka nyuma ya waya hadi akachoka. Walijitengenezea vifaa kwa vyuma na kamba walizookota kambini, na wawili kati yao wakafika Point Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera ya Italia. Kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe. Walihukumiwa siku 28 za kufungwa peke yao, na mkuu wa kambi akazipunguza hadi 7, kwa kuwa aliona wamefanya jambo la kimichezo.

Ni kisa kizuri, na mimi pia nakipenda. Lakini hesabu miaka 10 kutoka hapo.

Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alikuwa Treetops, hoteli iliyojengwa juu ya mti ndani ya msitu huu wa Nyandarua, usiku ambao baba yake alifariki na yeye akawa malkia. Oktoba 20 mwaka huo huo serikali ya kikoloni ikatangaza hali ya hatari. Mwaka wa 1953 msitu wa Nyandarua na ule wa Mlima Kenya ikafanywa maeneo yaliyopigwa marufuku. Mwafrika aliyeonekana humo aliweza kupigwa risasi papo hapo, bila kuulizwa alikuwa anatafuta nini. Ndege za kivita zikaangusha mabomu kwenye mianzi. Mwaka wa 1954 Mau Mau waliichoma Treetops. Januari 1955 jeshi likaingia Nyandarua katika Operesheni Hammer, mistari ya wanajeshi ikiteremka kupitia mianzi ile ile ambayo sisi huiingia tukilalamika kuhusu matope.

Shosho wakati huo hakuwa Kinangop. Kinangop ilikuwa mashamba ya walowezi. Yeye alikulia Mathira, Nyeri, chini ya Mlima Kenya. Hajui tarehe aliyozaliwa, lakini mwaka wa 1954 alikuwa msichana mkubwa wa kutosha kushika jembe. Mwaka huo ndipo watu wa Mkoa wa Kati walipoanza kuondolewa kwenye boma zao na kusongamanishwa katika vijiji vyenye ulinzi, zaidi ya watu milioni moja kwa jumla. Kutoka kijijini kulitaka ruhusa. Kwenda kuteka maji kulikuwa na saa zake.

Na kulikuwa na kazi ya lazima. Kando ya msitu wa Mlima Kenya wanakijiji walichimbishwa handaki la takriban kilomita 80, likajazwa mianzi iliyochongwa ncha, ili wapiganaji wasiweze kutoka kutafuta chakula na watu wasiweze kuwapelekea.

Shosho aliniambia habari hii tukimenya viazi, bila kuniangalia.

"Firimbi ilikuwa inalia kabla jua halijatoka. Tunapanga mstari. Tunahesabiwa. Mbele kuna askari na bunduki, nyuma kuna mwingine. Jioni tunahesabiwa tena."

Nikamuuliza kama walikuwa wanalindwa ama wanachungwa. Akasema, "Walituambia tunalindwa."

Halafu, baada ya kiazi kingine: "Kaka yangu alikuwa ndani ya huo msitu. Mimi nilikuwa nachimba shimo la kumzuia asitoke."

Kaka huyo hakutoka. Hakuna kaburi. Nimejua kwamba shosho alikuwa na kaka nikiwa mtu mzima mwenye kazi na jozi mbili za buti za mlimani.

Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu wa Nyandarua tarehe 21 Oktoba 1956, akanyongwa Februari 18 mwaka uliofuata. Uhuru ulipofika, Desemba 12, 1963, kijana Kisoi Munyao alipanda hadi Point Lenana akasimika bendera ya Kenya, pale pale palipokuwa na bendera ya Benuzzi miaka 20 awali. Picha hiyo tuliiona vitabuni. Ni miaka hiyo pia mashamba ya Kinangop yalipokatwa vipande na kugawiwa kwa mkopo, na shosho na mume wake wakahamia upande huu mwingine, msitu ukiwa nyuma ya nyumba. Kwa miaka zaidi ya hamsini hajawahi kuingia zaidi ya pale kuni zinapookotwa.

Si kwamba anachukia kila kizuizi. Ile fensi ya umeme ya karibu kilomita 400 iliyojengwa kuzunguka Nyandarua kuanzia 1989 hadi 2009, anaisifu. Tangu iwekwe, ndovu hawali viazi vyake. Ni mwanamke anayejua tofauti ya ukuta na ukuta.

Kwa hivyo sisemi tuache kupanda milima, wala kwamba ada ya msitu ni kipande. Mimi mwenyewe nimeshalipia safari ijayo. Ninachosema ni kwamba tukiwa kwenye mstari ule, tukicheka na kugawana njugu, tunafanya kitu ambacho watu waliotuzaa hawakuruhusiwa kukifanya. Kutembea bila sababu ni haki, nayo ilipatikana juzi tu. Na msitu tunaousifu kwa ukimya wake una watu ambao jamaa zao bado hawajui walilala wapi.

Safari iliyofuata ya Njabini nilimuuliza askari wetu swali la shosho. Alicheka sana. "Mimi nawalinda, madam. Lakini mtu akitoka kwa njia, huyo nitamchunga."

Tulipofika Kituo cha Kukata Tamaa kiongozi aliniomba niseme machache, maana nilikuwa nimemsimulia garini. Nilisema kwa dakika tano hivi: habari za handaki, za firimbi, za kaka wa shosho. Hakuna aliyepiga makofi. Mama wa watoto watatu alisema nyanya yake wa Embu pia hakuwahi kupenda kusikia firimbi, na kwamba wao kama watoto walikuwa wanadhani ni masikio yake. Kijana mmoja aliyekuwa ameamua kurudi akafunga kamba za viatu, akasema atajaribu kidogo tena.

Kiongozi akatuhesabu. Tulikuwa 31. Jioni kwenye lango akatuhesabu tena, 31. Kabla sijavua buti nilimpigia shosho simu kumwambia kwamba wote tumetoka.