Wenyeji wa Mlimani: Jinsi Wanafunzi Wapya Walivyopokewa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam

Kabla ya mwaka 1961, kijana wa Tanganyika aliyetafuta elimu ya juu alifunga safari mpaka Makerere, Kampala. Julius Nyerere alifika huko mwaka 1943. Hapakuwa na ofisi ya kwao ya kumlaki. Palikuwa na Watanganyika wenzake wachache, wageni kama yeye. Akishirikiana na Hamza Mwapachu na Andrew Tibandebage, alianzisha umoja wa kuangalia maslahi yao, na baadaye umoja huo ukageuzwa kuwa tawi la chama cha TAA. Jambo lile lilianza kwa vijana waliokuwa mbali na nyumbani kuamua kwamba hakuna mwenzao atakayeishi peke yake.

Hivyo ndivyo ilivyoendelea kuwa hata baada ya nchi kupata chuo chake. Utawala humpa mwanafunzi mpya namba ya usajili na ratiba ya vipindi, lakini uenyeji huupata kwa wanafunzi wenzake. Tukiifuatilia historia ya Mlimani, kama Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinavyojulikana, kwa jicho hilo, tunaona kwamba kila kizazi cha wanafunzi kilichagua namna ya kuwapokea waliokuja nyuma yao, na kwamba si kila kizazi kilichagua vema.

Chuo kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki chache kabla ya Uhuru, katika jengo la chama cha TANU lililoko Mtaa wa Lumumba. Kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha London, chenye kitivo kimoja tu, cha Sheria, na wanafunzi wasiofika 15. Kwa kuwa hapakuwa na kitivo kingine cha sheria katika Afrika Mashariki, kilipokea pia vijana kutoka Kenya na Uganda. Kundi dogo namna hiyo halikuhitaji wiki ya ukaribisho wala kamati ya wageni. Wote walikuwa wapya, wakakaribishana wenyewe.

Mambo yalibadilika mwaka 1964 chuo kilipohamia kilimani, kilomita kama 13 kutoka katikati ya jiji. Wakati huo kilikuwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichozinduliwa mwaka 1963 kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Mwanafunzi sasa aliishi bwenini, akala katika ukumbi wa chakula wa chuo, akavaa joho jekundu. Mpangilio huo wa maisha ulitoka Uingereza kwa kupitia Makerere, na ulimwambia mgeni kwamba ameingia katika tabaka la watu wachache. Nyerere, sasa akiwa Rais, hakutaka vijana wajione hivyo. Mwaka 1964 aliliambia Bunge kwamba aliyesomeshwa na taifa maskini ni kama mtu aliyepewa chakula chote kilichobaki katika kijiji chenye njaa, apate nguvu za kwenda mbali kuleta msaada. Akila asirudi, amewasaliti waliomlisha.

Mvutano kati ya joho na kijiji ulifikia kilele tarehe 22 Oktoba 1966. Wanafunzi waliandamana mpaka Ikulu wakiwa wamevaa majoho yao mekundu, kupinga mpango wa kuwalazimisha wahitimu kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) kwa masharti waliyoyaona magumu. Nyerere alikasirika. Zaidi ya 300 waliondolewa chuoni na kurudishwa makwao, na wengi walikubaliwa kurejea mwaka uliofuata. Siku hiyohiyo alitangaza kupunguza mishahara ya viongozi akianza na wake mwenyewe. Miezi michache baadaye likaja Azimio la Arusha la Ujamaa na Kujitegemea.

Mwanafunzi aliyefika Mlimani baada ya hapo alikuta jumuiya yenye mwelekeo mpya. Mwaka 1967 wanafunzi waliunda USARF, umoja wa wanamapinduzi wa Kiafrika ulioongozwa na Yoweri Museveni, kijana kutoka Uganda. John Garang wa Sudan alikuwa miongoni mwao. Mgeni alialikwa kwenye madarasa ya itikadi yaliyofanyika Jumapili, akapewa vitabu vya kusoma, akamsikiliza Walter Rodney, mwalimu wa historia kutoka Guyana, akijadiliana na wanafunzi bila kujikweza. Mwaka 1969 wakaanza kutoa jarida lao, Cheche. Kwao, kumpokea mwanafunzi mpya kulikuwa ni kumpa kazi. Serikali iliipiga marufuku USARF mwaka 1970, mwaka uleule ambao Dar es Salaam ilikuwa chuo kikuu kamili.

Kuna tukio moja linaloonyesha jumuiya ile ilivyoweza kumfanya mgeni kuwa mwenyeji kabisa. Mwaka 1971 kiongozi mkuu wa DUSO, chama cha wanafunzi wote, alikuwa Symonds Akivaga, Mkenya. Alikuwa amechaguliwa katika chuo ambacho wanafunzi wake wengi walikuwa Watanzania. Alipouandikia utawala barua ya wazi ya kuukosoa, alifukuzwa na kuondolewa chuoni na askari wenye silaha. Wanafunzi wakasimama upande wake. Mtu aliyekuja kutoka nchi nyingine alitetewa kama ndugu wa damu, na sidhani kama kuna ushahidi mkubwa zaidi ya huo kwamba jumuiya imempokea mtu.

Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilibadilisha umri na sura ya mwanafunzi mpya. Hakutoka tena moja kwa moja kidato cha sita. Alipaswa kupita JKT, kufanya kazi angalau miaka miwili na kupata mapendekezo ya mahali pa kazi na ya chama tawala. Walioingia chuoni walikuwa watu wazima, baadhi yao baba na mama wa familia, wenye ujuzi wa ofisini, kiwandani na shuleni. Watu hao hawakuhitaji kufundishwa kujitegemea. Hata hivyo sharti hilo liliwabana wanawake, ambao wengi walikuwa wameolewa na kuanza malezi kabla ya zamu yao kufika, na baadaye ilibidi walegezewe.

Habari za wanawake chuoni zinatufikisha kwenye ukurasa wa aibu. Kwa miaka mingi Mlimani palikuwa na desturi iliyoitwa Punch, au Mzee Punch. Asubuhi wanafunzi waliamka wakakuta karatasi zimebandikwa ukutani, zenye picha na maneno ya kumdhalilisha mtu, na mwandishi hajulikani. Watetezi wake walidai kwamba ilikuwa ya kurekebisha tabia. Kwa vitendo iliwaandama zaidi wanawake, hasa waliokataa kutongozwa. Aliyeandikwa alitengwa, na aliyethubutu kukaa naye meza moja aliweza kuwa wa pili kuandikwa. Mwanamke mgeni chuoni alijifunza kuogopa ukuta kabla hajaizoea maktaba. Mapema mwaka 1990 mwanafunzi mmoja aliyekuwa ameandamwa na Punch alijiua. Wanaharakati, wakiwamo wa Chama cha Wanahabari Wanawake, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, walipaza sauti mpaka nchi nzima ikasikia, na Punch ikapigwa marufuku.

Somo lake halipaswi kusahauliwa. Nguvu ileile ya wanafunzi iliyomtetea Akivaga ndiyo iliyomtenga binti wa watu. Tofauti yake ni kwamba waliomtetea Akivaga walisimama mchana kwa majina yao, ilhali Punch ilifanya kazi usiku bila jina.

Miaka ya 1990 mtihani wa kupokeana ulihamia kwenye kitanda. Sera ya uchangiaji gharama ilianza, idadi ya wanafunzi ikapanda, na mabweni yaliyojengwa kwa ajili ya wachache yakafurika. Hapo ndipo kubebana kuliposhamiri. Mwanafunzi mwenye nafasi bwenini alimchukua asiye nayo, wakagawana kitanda kimoja cha futi tatu. Walilala mzungu wa nne, kichwa cha huyu miguuni pa yule, begi la mgeni likiwa uvunguni, na ndoo ya maji wakiitumia kwa zamu. Kanuni za chuo hazikuruhusu. Mbebaji alijua kwamba akikamatwa anaweza kupoteza chumba chake mwenyewe, na bado alimbeba mtu ambaye pengine waliwahi kusoma shule moja, pengine wanatoka wilaya moja, pengine walijuana siku ileile kwenye foleni ya usajili.

Kitandani hapo ndipo mwaka wa kwanza alipofundishwa yasiyokuwa kwenye kitabu cha mwongozo: wapi chakula ni nafuu, mhadhiri gani hachelewi, nini cha kufanya ukisapu, yaani ukilazimika kurudia mtihani, namna ya kujikimu mpaka bumu, posho ya mwanafunzi, litoke. Misikiti na makanisa ya chuoni, vyama vya mikoa na DARUSO, serikali ya wanafunzi iliyoundwa mwanzoni mwa miaka hiyo, viliongeza mikono ya kupokea. Lakini wa kwanza alikuwa mbebaji.

Serikali nayo imefanya sehemu yake. Hosteli za Mabibo zilifunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bodi ya Mikopo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004, na tarehe 15 Aprili 2017 zikazinduliwa hosteli za Dk. John Pombe Magufuli, majengo 20 yenye nafasi za wanafunzi 3,840. Yote hayo ni ya kushukuru, kwa maana mtu asiye na pa kulala hasomi.

Hata hivyo nyumba haimkaribishi mtu. Wiki ya maelekezo hupita, hotuba huisha, na mgeni hubaki na wale anaokutana nao koridoni. Vyuo vyetu vinapaswa kuitambua kazi hiyo waziwazi. Kila mwanafunzi mpya apangiwe mwenyeji wa mwaka wa pili au wa tatu, anayejulikana kwa jina na anayewajibika, na mwenyeji huyo aheshimiwe kama anavyoheshimiwa kiongozi. Mabaya ya Punch yalitokea pale ambapo mgeni aliachwa mikononi mwa watu wasio na jina.

Nanyi mliosoma Mlimani, Lumumba ya mwanzo, enzi za Musoma au zama za kubebana, andikeni. Semeni nani aliwapokea wiki ya kwanza na aliwafanyia nini. Majengo yana mawe ya uzinduzi yenye tarehe na majina ya waliofungua. Waliowabeba wenzao hawana jiwe, na ni ninyi tu mnaoyajua majina yao.