Nyama ya Bei Chini na Ng'ombe wa Masisi



Siku moja tulipeleka mgeni wetu kula kwenye malewa moja ya Rubaya, karibu na soko. Mabenchi yalikuwa yamejaa wachimbaji, basi tukakula brosheti za ng'ombe na viazi tukiwa tumesimama. Mgeni akacheka, akasema pale ni kama Tokyo.

Alitueleza kwamba huko kuna mikahawa inayoitwa Ikinari Steak. Wa kwanza ulifunguliwa mtaa wa Ginza mwaka 2013. Mteja anasema anataka gramu ngapi, nyama inakatwa mbele ya macho yake, inaletwa juu ya sahani ya chuma yenye moto, na mwanzoni mteja alikula amesimama. Hakukuwa na kukaa saa nzima. Juu ya hiyo, chumba kidogo kilipitisha watu wengi, na bei ikashuka.

Tulipofuata historia yake, tukaona inafanana na yetu mwanzoni, kisha inaachana nayo. Japani, kwa karne nyingi, ng'ombe alikuwa wa kulima shamba. Mwaka 675 mfalme Tenmu alikataza kula ng'ombe, farasi, mbwa, nyani na kuku. Ni mwaka 1872 ndipo watu walisikia kwamba mfalme Meiji mwenyewe anakula nyama ya ng'ombe. Hata hapo ilibaki kitu cha bei kubwa. Mwaka 1991 serikali iliondoa kipimo cha nyama iliyoruhusiwa kuingia kutoka inje, na ile ya Marekani na Australia ikaingia kwa wingi. Steki ya bei chini ilitoka kwenye biashara.

Kwetu Masisi pia, mzee hachinji ng'ombe kwa sababu tu ana njaa. Ng'ombe ni mahari, ni pesa ya masomo ya watoto, ni maziwa na fromaji. Lakini malisho haya yana historia nzito. Kuanzia 1937 mpaka 1955, utawala wa Wabeligiji ulileta familia nyingi kutoka Rwanda, wa kwanza wakiwekwa Gishari. Wazungu nao walichukua milima kwa chai, pareto na ng'ombe. Baada ya Zairianizasyo ya 1973, mashamba makubwa mengi yakapita kwa watu waliokuwa karibu na serikali. Ng'ombe waliongezeka, na mkulima mdogo akabaki na kipande cha mlima.

Mwaka 1993 vita ikaanza Walikale na Masisi. Mwaka 1994 wakimbizi kutoka Rwanda wakajaa Kivu, na vita ikazidi. Ng'ombe wa Masisi waliporwa, wakauzwa Goma na ndani ya makambi kwa bei ya kutupa. Watu wa mjini walikula nyama rahisi miaka ile. Ilikuwa rahisi kwa sababu aliyeiuza hakuifuga.

Wengi wetu tumeona jambo hilo tena. Mwisho wa mwezi wa nne 2024 Rubaya iliingia mikononi mwa M23. Wengi walikuwa makambini kandokando ya Goma, mpaka mwanzo wa 2025 makambi yalipovunjwa, watu wakarudi. Kuna waliouza ng'ombe haraka kabla ya kukimbia, kwa bei ya mbuzi. Kuna waliorudi wakakuta zizi tupu.

Kwa hiyo, sisi tunaotembea vijijini, tukisikia nyama imeshuka bei ghafla, hatufurahi kwanza. Tunauliza: huyu ng'ombe ni wa nani? Jirani wanamjua? Bei ya brosheti inaweza kutuambia kwamba mahali fulani watu wanajiandaa kukimbia, hata kabla hawajafika kwetu na magodoro kichwani.

Ndiyo maana tunaleta mambo matatu mbele ya mkutano. Kwanza, mwanachama asinunue mnyama bila jirani wawili wa muuzaji kushuhudia. Pili, kila mnyama wa mutuelle aandikwe kwenye daftari: rangi, alama, jina la familia. Tatu, ndama jike wa kwanza aende kwa familia inayofuata kwenye orodha, isiyo na kitu zizini. Wafadhili wetu, msaada wenu kwa daftari na kwa daktari wa mifugo una uzito sawa na ule wa kununua ng'ombe.

Hatukatazi mtu kula nyama, sisi wenyewe tunaipenda. Lakini tunataka siku moja iwe bei chini Rubaya juu ya mazizi kujaa. Siku ile, hata mabenchi yakikosekana, tutakula tukiwa tumesimama.