Kabla ya Chuo Kulikuwa na Fundi: Historia ya Elimu ya Ujenzi Pwani ya Cabo Delgado



Jamaa yetu mmoja ana kijana anayesomea usanifu wa majengo. Kijana huyo alipokuja likizo Ibo, bibi yake alimshika mkono akampeleka nyuma ya nyumba ya mawe ya familia, akamwonyesha ukuta. Lipu ilikuwa imevimba na kumeguka mapande mapande, na chini yake umetoka unga mweupe wa chumvi. "Mjukuu wangu," akamwambia, "umesoma miaka mitatu sasa. Niambie ukuta huu una ugonjwa gani." Kijana akapiga picha, akapima, akasema, "Bibi, nitauliza walimu." Jirani yao, mzee aliyekuwa mwashi enzi zake, akaigonga ile lipu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, akasema neno moja tu: "Saruji."

Kisa hiki kimetufanya tuandike makala hii. Watoto wetu wengi siku hizi wanataka kusoma fani zenye manufaa, na ujenzi ni mojawapo. Ni vizuri wazazi na vijana tujue kwamba elimu hii haikuanza na chuo kikuu. Pwani yetu, kuanzia Palma na Mocímboa da Praia mpaka visiwa vya Kirimba na Pemba, ilikuwa na shule yake ya ujenzi kabla hajaja mtu na kalamu ya kuchora ramani.

Shule isiyo na ubao

Mwanafunzi wa zamani alianza kwa kuchota maji, kuchekecha mchanga na kubeba mawe. Baadaye alishika uzi, kisha timazi, na mwisho akaachiwa kona ya ukuta aisimamishe mwenyewe. Vipimo vilikuwa mwilini mwake: shibiri, dhiraa, pima. Ramani ilikuwa kichwani mwa fundi. Mwenye nyumba alisema anataka vyumba vingapi, na fundi akachora chini kwa kijiti.

Msidhani kwamba hiyo ilikuwa kazi ya kubahatisha. Kulikuwa na masomo, na yalikuwa magumu.

Somo la kwanza lilikuwa boriti. Boriti za mikoko hazioti kwa urefu tunaoutaka sisi. Mti ulionyooka na wenye nguvu ya kubeba dari zito la mawe na chokaa huvuka nafasi ya kama mita 3 hivi, haizidi sana. Kwa hiyo chumba cha nyumba ya mawe kilikuwa chembamba na kirefu. Ukitembelea nyumba za kale za Lamu, Zanzibar au Kilwa, utakuta upana unaofanana, kwa sababu wajenzi wa huko kote walikuwa wakiuliza mti swali lile lile. Mwanafunzi wa leo analisoma jambo hili kwa hesabu za mzigo na nguvu. Fundi wetu alilijua kwa kuangalia boriti inavyopinda.

Somo la pili lilikuwa mawe. Kuna jiwe la matumbawe linalochimbwa nchi kavu, gumu na zito, hilo ni la ukuta. Na kuna tumbawe linalotolewa baharini, laini likiwa bado bichi, ambalo fundi alilichonga kwa urahisi kwa ajili ya mihrabu, zidaka na mizunguko ya milango, kisha likakauka na kuwa gumu. Ukuta wenyewe ulikuwa mnene, mara nyingi kama nusu mita. Unene ule uliubeba mzigo, na pia ulizuia joto la mchana lisiingie ndani mapema.

Somo la tatu, lililochukua subira kuliko yote, lilikuwa chokaa. Magogo yalipangwa duara, juu yake yakawekwa mawe ya matumbawe, kisha moto ukawashwa. Mawe yalipoiva yalimwagiwa maji au yakaachiwa mvua, na chokaa ikawekwa muda mrefu kabla ya kutumika. Chokaa haigandi kwa haraka kama saruji. Huvuta hewa polepole na kurudi kuwa jiwe, na huku ikiruhusu unyevu wa ukutani kutoka nje.

Hapo ndipo lilipo jibu la bibi. Ukuta wa mawe na chokaa hunywa maji kutoka ardhini, kisha huyapumua nje. Ukiufunika kwa lipu ya saruji, umeuziba pua. Maji yanabaki ndani, chumvi inakusanyika nyuma ya lipu, na mwishowe lipu inavimba na kuanguka pamoja na ngozi ya ukuta wenyewe. Nyumba nyingi za Ibo zimepata maradhi haya kwa sababu mtu mwenye nia njema alitaka kuzitengeneza.

Kibla na upepo

Msikiti ulikuwa na somo lake. Sisi tulioko pwani hii tumekaa karibu kabisa chini ya Makka kwenye ramani ya dunia. Ibo iko kwenye longitudo ya digrii 40 na ushei Mashariki, na Makka iko karibu digrii 40. Kwa hiyo kibla yetu ni kaskazini, pengine kwa mwelekeo mdogo sana wa magharibi. Fundi aliyejua nyota na pepo hakupata taabu kuupanga msikiti.

Tazameni sasa hekima iliyomo. Upepo wa kusi hutoka upande wa kusini, na kaskazi hutoka upande wa kaskazini mashariki. Msikiti ulioelekea kibla, wenye madirisha na milango ubavuni na nyuma, huupokea upepo katika misimu yote miwili. Na wakati jua kali la asubuhi na la jioni linapiga kuta za mashariki na magharibi, fundi aliweka baraza au paa lililoshuka chini ili kuleta kivuli. Chuoni somo hili linaitwa usanifu unaofuata hali ya hewa.

Wala tusiidharau nyumba ya makuti. Msikiti wa Mtume (s.a.w.) Madina ulijengwa kwa matofali ya udongo, nguzo za magogo ya mitende na paa la makuti yake. Nyumba ya fito, udongo na makuti ya minazi ina elimu yake: paa lazima liwe na mteremko mkali ili mvua ikimbie, kuti lipandane na kuti, na fito zifungwe kwa kamba imara. Ni kweli kwamba baada ya miaka michache makuti hubadilishwa. Lakini kila mara paa lilipoezekwa upya, vijana wa mtaa walijifunza tena.

Kuanguka nako ni kusoma

Historia haina sifa tupu. Kilwa, ambayo majahazi yake yalipita visiwani kwetu kwenda Sofala, ilijenga Msikiti Mkuu uliostaajabisha. Mwanzoni mwa karne ya 14, zama za Sultani al-Hasan bin Sulaiman, msikiti ule ulipanuliwa sana. Upanuzi huo uliporomoka baadaye, ukajengwa upya katika karne ya 15, na huo ndio tunaouona leo na makuba yake. Mafundi walithubutu, wakaanguka, wakajifunza, wakarudia.

Kwetu, katika miaka ya 1520 Wareno waliishambulia Kirimba, kwa sababu wafanyabiashara Waislamu wa visiwani walikuwa wakiendelea na biashara yao ya pembe na nguo bila kuwatii. Baadaye Ibo ikawa makao ya Wareno katika visiwa hivi. Ngome ya São João Baptista yenye umbo la nyota ilijengwa mwaka 1791. Nyumba za mawe zenye varanda pana na nguzo zikapangwa kando ya njia, zikichanganya desturi ya Wareno, ya Waswahili na ya Wahindi.

Watoto wetu waambiwe ukweli wote. Ibo ilitajirika sana kwa biashara ya watumwa. Mali hiyo ndiyo iliyojenga nyumba nyingi za fahari, na mikono iliyobeba mawe mara nyingi haikuwa huru. Mwanafunzi anayepima ukuta ule anapima pia jasho la watu ambao majina yao hayakuandikwa mlangoni.

Katika miongo ya kwanza ya karne ya 20 utawala ulihamia Porto Amélia, ambayo leo ni Pemba. Ibo ikalala. Usingizi huo uliihifadhi, kwani hapakuwa na fedha za kubomoa na kujenga upya. Lakini kazi ya mawe ilipungua, na fundi asiyepata kazi hana wa kumfundisha.

Chuo kinafika

Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, haikuwa na shule ya usanifu wa majengo. Aliyetaka fani hiyo alikwenda nje, kama vile Ureno au Afrika Kusini. Mwaka 1986 ndipo Chuo Kikuu cha Eduardo Mondlane, Maputo, kilipoanzisha kitivo cha usanifu na mipango ya ardhi. Msanifu José Forjaz alikiongoza kwa miaka mingi. Baadaye Chuo Kikuu cha Lúrio, kilichoundwa mwaka 2006, kikaileta fani hii Nampula, karibu zaidi na sisi watu wa kaskazini.

Kabla ya kitivo hicho kulifanyika kazi moja ambayo wanafunzi huisoma mpaka leo. Kati ya mwaka 1982 na 1985, wasanifu wa shule ya Aarhus ya Denmark pamoja na idara ya utamaduni ya Msumbiji waliipima Ilha de Moçambique, mji wa mawe na mji wa makuti pia, wakatoa ripoti mwaka 1985. Mwaka 1991 kisiwa kile kiliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Kalamu na futi viliilinda miji ambayo wengi waliiona kuwa magofu tu.

Basi chuo kina faida kubwa, na hatusemi vingine. Mwanafunzi hujifunza kuchora kwa vipimo ili mtu mwingine asome, kukadiria mzigo, kupima ardhi, kukisia gharama na kulinganisha majengo ya nchi nyingi. Hujifunza pia mambo ambayo babu zetu hawakulazimika kuyafikiria: kwamba kung'oa matumbawe hai kunaua mazalia ya samaki, kwamba mikoko hulinda pwani, na kwamba mchanga wa ufukweni ukichanganywa kwenye zege, chumvi yake huila nondo.

Mtihani wa miaka hii

Ndugu zetu, tunayaandika haya na majeraha yakiwa mabichi. Tarehe 5 Oktoba 2017 Mocímboa da Praia ilishambuliwa, na ukawa mwanzo wa vita vilivyowafukuza makwao takriban watu milioni 1 katika mkoa wetu. Machi 2021 ikawa zamu ya Palma. Na katikati ya balaa hilo, tarehe 25 Aprili 2019, kimbunga Kenneth kilitupiga kwa upepo wa zaidi ya kilomita 200 kwa saa. Ibo ilivunjwa vibaya. Makuti yaliruka, na mabati nayo yaliruka. Tarehe 15 Desemba 2024 kimbunga Chido kikaingia nchi kavu Mecúfi, kusini ya Pemba.

Mafundisho ya Kenneth hayakuwa kwamba kipya ni kizuri na cha kale ni kibaya, au kinyume chake. Paa lisilofungwa vizuri kwenye ukuta huondoka, liwe la kuti au la bati. Ukuta usiotunzwa huanguka, uwe wa mawe au wa matofali ya saruji. Na jambo hili si la maskini peke yao. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883 na Sultani Barghash, sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ikiwa katika matengenezo, na watu wakapoteza maisha.

Leo familia zinazorudi zinajenga upya kwa haraka, na kila anayejenga anaamua jambo litakalokaa miaka 50. Wakati huo huo wazee wanaojua tanuri la chokaa wanatutoka mmoja mmoja. Wengine wamefia ukimbizini, mbali na kuta walizozisimamisha.

Tunaomba nini

Kwa wazazi: mtoto akitaka kusomea usanifu, mpeni moyo, mwana na binti sawasawa. Wala msimwone aliyechagua uashi kuwa ameshindwa masomo.

Kwa wanafunzi: mkija likizo, kaeni na mzee mmoja mwenye kujua kazi. Andikeni majina ya vifaa na miti kwa Kimwani na Kiswahili, pimeni nyumba moja, chorni hata msikiti mdogo wa mtaani. Karatasi hiyo inaweza kuwa ndiyo pekee itakayobaki.

Kwa kamati za misikiti: kabla ya kupaka saruji msikiti wa kale, ulizeni.

Na yule kijana wetu? Alimfuata mzee mwashi asubuhi iliyofuata, akamwambia, "Shikamoo babu, nimekuja kusoma." Walibandua lipu ya saruji kwa siku tatu, wakauacha ukuta ukauke. Bibi akaweka kigoda kivulini akawatazama. Kwenye daftari lake la chuo, kijana alichora ukuta ule kwa vipimo vyote, na pembeni akaandika jina la mzee, mahali ambapo huandikwa jina la mwalimu.