Noti Nne Bila Kwaya: Savatage na Shchedryk ya Leontovych

Robert Walser, katika Running with the Devil (1993), aliivunja hoja kwamba wanamuziki wa metali huchota kwenye muziki wa kiklasiki ili kujipatia hadhi tu. Alionyesha kuwa wapiga gitaa walijifunza Bach, Vivaldi na Paganini kwa sababu walikuta humo ufundi walioutaka. Sina ugomvi naye. Ila ushahidi wake umeegemea ala, yaani fidla na kinanda vikihamia kwenye gitaa, na kwaya imebaki pembeni. Pengo hilo ndilo linalowapa nguvu wanaodai kuwa kazi ya kwaya ikiondolewa waimbaji haibakizi kitu ila kelele. Dai hilo nalipinga kwa kutumia “Christmas Eve (Sarajevo 12/24)”, wimbo usio na maneno wa bendi ya Marekani, Savatage, katika albamu ya Dead Winter Dead (1995), ambao kiini chake ni Shchedryk, kazi ya kwaya ya mtunzi wa Ukrainia, Mykola Leontovych.

Shchedryk iliimbwa mara ya kwanza Kyiv mwaka 1916, bila ala yoyote. Mbegu yake ni noti nne zisizozidi upana wa nusutoni tatu: sauti inaanzia juu, inashuka nusutoni moja, inarudi ilikotoka, kisha inatua chini. Leontovych, aliyeitoa katika wimbo wa jadi, haikuzi mbegu hiyo iwe melodia ndefu. Anaiacha ijirudie karibu bila kukoma, huku sauti nyingine zikiingia na kusogea chini yake, hata noti zilezile zikasikika zimebadilika ilhali hazijabadilika. Rifu ya metali hufanya kazi vivyo hivyo: ni kipande kifupi kinachorudiwa mpaka kiwe msingi, na kinachogeuka ni uzito unaokizunguka. Ndiyo maana Savatage hawakulazimika kuibomoa kazi hii ili waipige. Gitaa za umeme zinazishika noti nne kama zilivyo, ngoma zinaongeza msukumo, orkestra inajaza nafasi iliyoachwa na sauti za chini. Linganisha na “God Rest Ye Merry, Gentlemen”, uliochanganywa humohumo: huo una mistari mirefu ya kuimbika, lakini mwendo wa wimbo mzima hautoki kwake. Unatoka kwa Leontovych.

Watasema maneno yamepotea. Ni kweli, lakini hayakupotezwa na gitaa. Maneno ya asili yanamhusu mbayuwayu anayemtabiria mwenye nyumba neema ya mwaka mpya. Hayana Krismasi wala kengele. Kengele zililetwa na maneno ya Kiingereza ya Peter Wilhousky mwaka 1936. Hata kabla ya hapo, kwaya ya Oleksandr Koshetz iliiimba Carnegie Hall mwaka 1922, mbele ya ukumbi ambao wengi wao hawakujua Kiukraini. Pingamizi lenye uzito zaidi ni la pumzi. Marudio ya kwaya yanabebwa na mapafu. Leontovych anaanza kwa sauti ya chini, anapanda, kisha anaishusha tena hadi inyamaze. Savatage wanathamini zaidi ule upandaji, na hapo nakiri kuna hasara.

Lawama inayostahili zaidi iko kwingine. Mtayarishaji Paul O'Neill aliuhusisha wimbo huu na mpiga selo aliyepiga nyimbo za Krismasi katika magofu ya Sarajevo. Vedran Smailović, ambaye habari zake ndizo chimbuko la simulizi hiyo, alipiga Adagio inayonasibishwa na Albinoni, mwaka 1992, baada ya watu waliokuwa kwenye foleni ya mkate kuuawa kwa kombora. Hivyo kazi ya Ukrainia ikabebeshwa msiba wa Bosnia uliosimuliwa vibaya, huku Leontovych mwenyewe, aliyeuawa na mtu wa Cheka, polisi wa siri wa Kisovieti, Januari 1921, akiwa hajulikani kwa wengi wanaoushangilia wimbo huo kila Desemba. Tukiwatetea wanakwaya, tuanzie hapo.

Sidai kuwa kila kazi ya kwaya itavumilia mageuzi haya. Palestrina, ambaye mistari yake hupishana bila mmoja kuwa msingi wa mingine, angezama chini ya gitaa zinazokwaruza. Lakini “O Fortuna” ya Carl Orff, waliyoirekodi Therion wa Sweden katika Deggial (2000), nayo imesimama juu ya marudio, na nadhani ndiyo sababu ilihamia kwenye metali kwa urahisi kuliko wakosoaji walivyotaka kukubali.