Upimaji wa mifumo ya rola

Upimaji wa mifumo ya rola ni kazi ya kuchunguza kwa vipimo jinsi mashine zinazohamisha mwendo kwa rola laini, zisizo na meno, zinavyofanya kazi chini ya mzigo. Katika mashine hizo rola moja hugandamizwa juu ya nyingine, na ile inayozungushwa na mota au injini huivuta ya pili. Kwa kuwa hakuna meno ya kushikana, mpimaji ana maswali mawili. La kwanza ni sawa na la gia: nguvu kiasi gani inapotea njiani? La pili ni la rola peke yake: imebaki akiba kiasi gani kabla rola hazijaanza kuteleza? Mfumo unaweza kuonyesha ufanisi mzuri sana, kumbe uko karibu kabisa na kuteleza, na mzigo ukiongezeka kidogo uso wa rola ukaharibika kwa sekunde chache.

Mifano midogo ya mifumo hii inajulikana na wengi. Dainamo ya baiskeli huzungushwa na kichwa chake kinachogusa ubavu wa tairi. Katika cherehani kipo kigurudumu cha mpira kinachosukumwa kwenye gurudumu kubwa ili kujaza uzi kwenye bobini. Kila aliyeendesha baiskeli usiku wa mvua anajua taa inavyofifia: tairi linazunguka kama kawaida lakini kichwa cha dainamo kinateleza juu ya maji.

Jinsi rola zinavyoshikana

Dainamo na cherehani hutumia msuguano mkavu. Mifumo ya viwandani na ya magari hufanya kazi kwa njia nyingine, ambayo kwa mara ya kwanza husikika kama kinyume cha akili: rola za feleji ngumu hutiwa mafuta, na ni mafuta hayohayo yanayohamisha kani kutoka rola moja kwenda nyingine.

Sababu ni kanieneo. Mahali rola mbili zinapokutana ni padogo sana, na kanieneo hapo hufika gigapaskali 1 hadi 3. Gigapaskali 1 peke yake ni karibu mara tisa ya kanieneo ya maji katika sehemu ya bahari yenye kina kuliko zote. Mafuta yanayoingia hapo huongezeka mnato hadi kuwa karibu kama kioo kigumu, hubeba kani ya kuvuta, kisha hutoka upande wa pili na kuwa maji tena. Yote hayo hutokea katika muda usiofika sehemu moja ya elfu ya sekunde. Utando wa mafuta kwa kawaida una unene wa chini ya mikromita 1, lakini ukiwa mzima metali haigusi metali.

Kipimo kikuu cha hali hiyo huitwa hapa uwiano wa mshiko, yaani kani ya kuvuta ikigawanywa kwa kani inayogandamiza rola. Kwa mafuta ya kawaida yatokanayo na petroli uwiano wa juu huwa karibu 0.05 hadi 0.06. Mafuta maalumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya kazi hii hufika karibu 0.09 hadi 0.1. Thamani hizi hushuka joto linapopanda, kwa hiyo namba ya mshiko isiyotaja joto la mafuta haina maana kubwa.

Rola inayovutwa daima hubaki nyuma kidogo. Ubaki-nyuma huo huitwa mtelezo, na huhesabiwa kwa asilimia. Mpimaji akichora grafu ya mshiko dhidi ya mtelezo, mstari hupanda kwanza karibu wima, kisha hupinda, hufika kilele, halafu huanza kushuka. Sehemu ya kupanda ndiyo salama: mzigo ukiongezeka, mtelezo huongezeka kidogo na mshiko nao huongezeka. Baada ya kilele mambo hugeuka. Mtelezo huzaa joto, joto hulainisha mafuta, mshiko hupungua, na mtelezo huongezeka zaidi. Utando ukikatika, metali husagana na uso wa rola huchanika. Kazi kubwa ya upimaji ni kujua kilele kiko wapi, bila kukivuka kwenye mashine yenyewe.

Vipimo na hesabu yake

Vipimo vya msingi ni vinne: kasi ya shafti inayoingiza nguvu, kasi ya shafti inayoitoa, na torki, yaani kani ya kuzungusha, kwenye shafti zote mbili. Kasi ni rahisi. Hufungwa gurudumu lenye meno 60 mbele ya kihisio, na idadi ya meno yanayopita kwa sekunde huwa sawa na mizunguko kwa dakika, bila hesabu nyingine. Torki ni ngumu zaidi, na hupimwa kwa msokoto mdogo wa shafti au kwa dinamometa.

Tuchukue mfano. Rola yenye kipenyo cha mm 50 inaendesha nyingine ya mm 150. Ya kwanza inazunguka mara 3,000 kwa dakika kwa torki ya Nm 20. Kama pasingekuwa na hasara yoyote, ya pili ingezunguka mara 1,000 kwa torki ya Nm 60. Vipimo vinaonyesha mizunguko 980 na Nm 57. Uwiano wa kasi ni 980/1,000, yaani 0.98. Uwiano wa torki ni 57/60, yaani 0.95. Ufanisi ni zao lake: 0.98 × 0.95 = 0.931, au asilimia 93.1. Nguvu inayoingia ni karibu wati 6,283 na inayotoka ni karibu wati 5,850. Wati 433 zimegeuka kuwa joto.

Ripoti inayotoa namba 93.1 peke yake imeficha jambo la maana. Asilimia 2 iliyopotea kwenye kasi inatokana na mtelezo, na ndiyo inayosema mfumo uko wapi kwenye ile grafu. Asilimia 5 ya torki ina vyanzo vingine: beringi, mafuta yanayochapwa na rola, sili, na msokoto wa mgusano. Huu wa mwisho hutokea pale nyuso mbili zinapozungukiana papo hapo zinapogusana, kama mtu anayezungusha kisigino sakafuni. Mifumo miwili yenye ufanisi uleule inaweza basi kuwa na hali tofauti kabisa, mmoja salama na mwingine ukingoni. Kwa gia suala hili halipo, maana meno hayaruhusu kasi kupotea.

Uwiano wa kasi bila mzigo nao upimwe kwanza, usichukuliwe kutoka kwenye mchoro. Rola hubonyea kidogo na kupanuka kwa joto, na kosa la sehemu moja ya mia kwenye kipenyo cha rola ndogo linaonekana kama mtelezo wa asilimia 1 ambao haupo.

Kosa lingine la kawaida ni kutumia kipima torki kikubwa mno. Kipima chenye uwezo wa Nm 100 na kosa la asilimia 0.5 ya uwezo wake kinaweza kukosea kwa Nm 0.5. Kwenye torki ya Nm 20 hilo ni asilimia 2.5, nusu ya hasara yote ya torki iliyokuwa inatafutwa. Wapimaji makini hupima pia joto linalochukuliwa na mafuta, ili hasara ipatikane kwa njia ya pili na kulinganishwa na ya kwanza.

Kani ya kugandamiza

Katika mfano huohuo, torki ya Nm 20 kwenye rola yenye nusu kipenyo ya mm 25 inadai kani ya kuvuta ya nyutoni 800. Kwa mafuta ya kawaida yenye uwiano wa mshiko wa 0.06, rola zinahitaji kugandamizwa kwa nyutoni 13,300 hivi, sawa na uzito wa zaidi ya tani moja. Kwa mafuta maalumu yenye uwiano wa 0.1 zinatosha nyutoni 8,000. Hiyo ni bila akiba yoyote. Mashine halisi lazima iongezewe.

Mtu anaweza kusema: basi tugandamize sana, tusiteleze kamwe. Gharama yake ni uchovu wa metali. Utafiti wa Lundberg na Palmgren kuhusu beringi, uliochapishwa mwaka 1947, ulionyesha kwamba maisha ya beringi za gololi hupungua kwa mchemraba wa mzigo, na rola zinazogusana kwa nukta hukadiriwa kwa njia inayofanana. Kugandamiza kwa nyutoni 13,300 badala ya 8,000 ni kuongeza mzigo mara 1.67, na maisha ya rola hupungua karibu mara 4.6. Kwa sababu hiyo mifumo mingi ina kifaa kinachoongeza kani ya kugandamiza kadiri torki inavyoongezeka, na mpimaji hukagua kama kifaa hicho kinaitikia kwa wakati, hasa mzigo unapokuja ghafla.

Mashine za kupimia

Mafuta hupimwa kwanza peke yake. Mashine ya diski mbili, ambayo H. E. Merritt aliitumia Uingereza katika miaka ya 1930 alipochunguza gia, huzungusha diski mbili zinazogusana kwa kasi zinazotofautiana kidogo, na kani ya kuvuta husomwa moja kwa moja. Hapo kilele kinaweza kuvukwa bila hofu, kwani kinachoharibika ni diski tu.

Mfumo kamili hupimwa kati ya mota na dinamometa. Ukiwa na kasi kubwa sana, mifumo miwili huunganishwa mgongo kwa mgongo: mmoja unapandisha kasi na wa pili unaishusha, hivyo mota na dinamometa hubaki kwenye kasi ya kawaida. Kwa gia hutumika pia duara lililofungwa, ambamo torki hutiwa kwa kusokota shafti na kuifunga, na mota hulipia hasara tu. Kwa rola mbinu hiyo haifanyi kazi hivihivi: mtelezo hufungua msokoto uliofungwa na torki huisha yenyewe. Inahitajika njia ya kuendelea kuitia wakati mashine inazunguka.

Historia

Nchini Marekani Charles W. Hunt alipata hataza ya mfumo wa rola na diski zenye umbo la mfereji wa mviringo mwaka 1877. Fikra ilikuwa nzuri, ila feleji na mafuta ya wakati ule havikuweza kuibeba kwa muda mrefu.

Majaribio yanayotajwa sana ni ya kituo cha NASA cha Lewis huko Cleveland, Ohio, ambacho sasa huitwa Glenn. Humo Stuart Loewenthal na wenzake walipima mfumo uliobuniwa na Algirdas Nasvytis, wenye rola nyingi zilizopangwa kama sayari kuzunguka rola ya katikati. Katika ripoti ya mwaka 1980 mifumo miwili ilipimwa mgongo kwa mgongo hadi mizunguko 73,000 kwa dakika na kilowati 180, na mfumo ukafungwa pia kwenye injini ya gari ya tabo ya gesi. Ufanisi wa juu ulikuwa asilimia 94 hadi 96, na kasi iliyopotea kwa mtelezo haikuzidi asilimia 3.5 hivi. Kwamba namba hizo mbili ziliripotiwa kila moja peke yake ndilo jambo la kujifunza kwa anayeandika ripoti ya namba moja.

Mwaka 1999 Nissan iliuza nchini Japani magari ya Cedric na Gloria yenye giaboksi ya rola na diski, ikibadili kasi bila hatua. Rola na diski zake zilitoka kwa watengenezaji wa beringi NSK, na ilitumia mafuta yake maalumu.