Mayai ya kuku na rangi ya viatu: jinsi tai mvuvi alivyorudi Uskoti

Kiotani mlikuwa na mayai mawili, na yote mawili yalikuwa ya kuku. Aliyeyaweka alikuwa ameyapaka rangi ya viatu ya kahawia ili yafanane na mayai ya mwenye kiota, kisha akashuka gizani na kutokomea msituni. Ilikuwa mwanzoni mwa Juni 1958, kando ya ziwa Garten, katika Nyanda za Juu za Uskoti. Walinzi walikuwapo usiku ule ule. Walimwona mtu akiparamia msonobari, wakatimua mbio, wakachelewa. Mayai halisi yaliokotwa chini yamepasuka.

Mwizi hakuwa na njaa. Alitaka kuyatoboa mayai yale, kuyamwaga ute na kiini, na kuyalaza maganda yake juu ya pamba ndani ya droo. Sheria ya kulinda ndege ya mwaka 1954 ilikuwa imeshapiga marufuku wizi wa namna hiyo, kwa hiyo hata kujitamba mbele ya jirani asingeweza. Angeyatazama peke yake, mlango umefungwa. Watu wa aina hii walikuwa wengi Uingereza, baadhi yao wasomi na watu wa heshima zao, na kwa zaidi ya miaka mia moja walimwandama ndege huyu mpaka wakammaliza.

Waingereza humwita ospri. Hapa tumwite tai mvuvi, ingawa wataalamu wa ndege watanuna, maana si tai hasa wala si mwewe. Wamemtenga katika ukoo wake peke yake. Mabawa yake yakitanuka hufika kama mita moja na nusu. Tumbo ni jeupe, mgongo wa kahawia, na mstari mweusi humpita jichoni kama kitambaa cha jambazi wa sinema. Chakula chake ni samaki, karibu samaki tu. Huning'inia hewani juu ya maji akipigapiga mabawa, halafu hujitupa chini, na dakika ya mwisho hutanguliza miguu. Nyayo zake zina vijimiba vya kushikia kitu chenye utelezi, na kidole kimoja cha nje hugeuka nyuma ili samaki abanwe na vidole viwili huku na viwili huku. Akishapaa humgeuza samaki kichwa mbele, asimzuie upepo. Mvuvi gani angebuni chombo bora kuliko hicho?

Uvuvi huo ndio uliomponza kwanza. Kwa karne nyingi wenye mabwawa ya samaki hawakumpenda. Lakini pigo kubwa lilikuja karne ya 19, bunduki zilipokuwa bora, matajiri walipoanza kwenda Uskoti kuwinda kwa starehe, na kila sebule ya maana ikataka ndege aliyekaushwa ndani ya sanduku la kioo. Mmoja wa wawindaji hao, Charles St John, aliandika kitabu juu ya safari yake ya Sutherland, kaskazini kabisa, ambako mwaka 1848 aliua tai wavuvi na kuchukua mayai yao. Humo anakiri kwamba alijuta alipomwona ndege amekufa. Majuto hayakuushusha mtutu wake. Mbele kidogo katika safari ile ile anatafuta kiota kingine.

Kisa cha Lewis Dunbar kinashangaza zaidi. Huyu alikuwa akitafuta mayai kwa ajili ya John Wolley, mkusanyaji mashuhuri wa wakati wake. Ndani ya msitu wa Rothiemurchus kuna ziwa Loch an Eilein, jina ambalo kwa Kigaeli maana yake ni ziwa la kisiwa. Katikati ya maji ipo ngome iliyobomoka, na juu ya ukuta wake tai wavuvi walijenga kiota kila mwaka. Dunbar alitembea usiku hadi pale, akavua nguo, akaogelea hadi ngomeni huku theluji ikidondoka, akaparamia ukuta na kurudi na mayai. Hakufanya hivyo mara moja. Mtu anaweza kuusifu ukakamavu wake na papo hapo kumlaani, na sioni kosa kufanya yote mawili.

Hapa ndipo hesabu ya biashara hii inapoonyesha ukatili wake. Kadiri ndege alivyopungua, yai lake lilipanda thamani. Na kadiri yai lilivyopanda thamani, ndege alizidi kupungua. Baadhi ya wenye ardhi waliliona hilo wakajaribu kulizuia. Cameron wa Lochiel alilinda kiota kilichokuwa kwenye ziwa Arkaig, akazungushia shina la mti seng'enge. Yeye na Grant wa Rothiemurchus walitunukiwa nishani za fedha na Jumuiya ya Zuolojia ya London mwaka 1893. Nishani zilikuja, ndege wakaondoka. Ngome ya Loch an Eilein ilibaki tupu karne ya 19 ilipokuwa ikiisha, Arkaig ikafuata miaka michache baadaye. Mwaka unaotajwa kwa kawaida kuwa wa mwisho kwa tai mvuvi kuzaliana Uskoti ni 1916, kwenye ziwa Loyne.

Kisha ukapita ukimya wa karibu miaka 40. Ndege walipita tu, wakiwa njiani kwenda na kutoka nchi za Skandinavia, ambako walikuwa hawajaisha. Mwaka 1954 jozi moja ilitua karibu na Garten, ikakaa, ikalea makinda mawili. Waliojua walinyamaza. Shirika la kulinda ndege la Uingereza, RSPB, liliamua kwamba njia ya kuwaokoa ni siri: wachache wajue, wengine wasisikie. Lakini siri ikishajulikana na wanaopenda ndege, wanaopenda mayai wataikosaje, na wote husoma vitabu vile vile na kutembea misitu ile ile? Miaka iliyofuata ikawa ya hasara juu ya hasara, hadi usiku ule wa rangi ya viatu.

Aliyegeuza mambo alikuwa George Waterston, mzaliwa wa Edinburgh na mwakilishi wa RSPB nchini Uskoti. Hakuwa mtu wa kukata tamaa kwa wepesi. Alitekwa na Wajerumani kisiwani Krete mwaka 1941, na humo kambini, nyuma ya seng'enge, yeye na mfungwa mwenzake wakapanga namna watakavyojenga kituo cha kuchunguza ndege katika kisiwa cha Fair Isle. Wengine wangeiita ndoto ya mchana. Kituo kilifunguliwa mwaka 1948.

Mwaka 1959 tai wavuvi waliporudi Garten, ulinzi ulikuwa mkali kuliko awali: shina likafungwa seng'enge, watu wa kujitolea wakakesha kwa zamu mchana na usiku. Mayai yalipoanguliwa, Waterston akafanya jambo ambalo wenzake wengi waliliona ni wazimu. Aliwatangazia waandishi wa habari mahali kiota kilipo, akaweka kibanda cha kuchungulia kwa umbali ambao hauwasumbui ndege, darubini ikasimikwa ndani, na umma ukakaribishwa. Kwa wiki chache za kiangazi hicho walifika watu wapatao 14,000. Walikuja na watoto, na mabibi na mababu zao. Wakapanga foleni msituni kumchungulia ndege akimlisha mwanawe. Makinda matatu yaliruka.

Kwangu mimi huo ndio uamuzi mkuu wa historia hii yote, kuliko sheria na kuliko seng'enge. Mwizi wa mayai alikuwa anashindana na walinzi wanne au watano wenye usingizi. Sasa alijikuta anashindana na familia kutoka Glasgow iliyosafiri nusu siku, ikasimama ndani ya kibanda, na kurudi nyumbani ikisema "ndege wetu". Kijiji cha jirani, Boat of Garten, leo kinajiita kijiji cha tai mvuvi. Idadi ya waliopita kwenye kibanda kile tangu 1959 imevuka milioni 2, na mfano wake umeigwa kila mahali wanapoonyeshwa wanyama wa porini nchini humo.

Hata hivyo ndege wenyewe waliongezeka kwa mwendo wa konokono. Dawa za kuua wadudu za wakati huo, DDT na jamaa zake, zilitiririka kutoka mashambani hadi kwenye maji, zikaingia kwa samaki, kutoka kwa samaki zikaingia kwa ndege, na maganda ya mayai yakawa mepesi mno. Wezi nao hawakuacha. Mwaka 1976, miaka 22 baada ya jozi ya kwanza, Uskoti nzima ilikuwa na jozi 14. Dawa zilipopigwa marufuku mambo yakabadilika: jozi 71 mwaka 1991, na 158 mwaka 2001. Leo ni zaidi ya 200.

Kazi nyingine ilifanywa kwa mikono. Roy Dennis, aliyeanza akiwa kijana kulinda kiota cha Garten mwanzoni mwa miaka ya 1960, aligundua kwamba tai mvuvi ni mpangaji mvivu. Akikuta nyumba imeshajengwa, huhamia. Basi akaanza kuparamia miti na kuwafumia ndege viota vya vijiti, akivifunga kwenye vilele vya misonobari ambako upepo hautavipeperusha. Kutoka Uskoti makinda yakapelekwa Rutland, katikati ya England, kuanzia 1996, na mwaka 2001 yakazaliana huko. Baadaye wengine wakaenda Hispania, na wengine Poole, pwani ya kusini ya England. Nchi iliyomaliza ndege wake ikawa ndiyo inayogawa.

Ukiwauliza wapenzi wa ndege huyu ni yupi waliyempenda kuliko wote, wengi watataja jike wa ziwa Lowes, karibu na mji wa Dunkeld. Walimwita Bibiye. Alizaliana hapo tangu 1991, akirudi kila mwaka kutoka Afrika, hadi 2014 alipoonekana kwa mara ya mwisho. Alitaga mayai 71, na makinda 50 yakaruka. Jike wa kawaida hapati hata nusu ya miaka hiyo. Juni 2010 alilala kiotani hoi, macho yamefumba, na maelfu waliokuwa wakimwangalia kupitia kamera wakaanza kumlilia. Siku chache baadaye aliinuka akala samaki.

Anayekwenda kumtazama tai mvuvi hurudi na zaidi ya alichofuata. Kwenye misonobari ya Abernethy, inayozunguka Garten, kuna kindi wekundu, na kuna ndege mdogo mwenye mdomo uliopishana kama mkasi wa kufungulia mbegu za msonobari, ambaye hapatikani popote duniani ila Uskoti. Kwenye kisiwa cha Mull, magharibi, yupo tai wa baharini, ndugu wa karibu wa furukombe wetu. Huyo naye aliuawa mpaka akaisha, wa mwisho akipigwa risasi Shetland mwaka 1918. Kati ya 1975 na 1985 makinda 82 yaliletwa kwa ndege kutoka Norwei hadi kisiwa cha Rum, na mwaka 1985 likaruka kinda la kwanza lililozaliwa Uskoti. Leo kuna wenye hoteli Mull wanaoishi kwa tai.

Lakini dawa ya Waterston haitibu kila ugonjwa. Msituni humo humo Abernethy anaishi kapakeli, ndege mkubwa kama batamzinga, ambaye madume yake hukusanyika alfajiri ya masika kucheza mbele ya majike. Aliisha katika karne ya 18, akaletwa tena kutoka Uswidi mwaka 1837, na sasa amepungua tena hadi kubaki takriban 500. Yeye hujenga chini, hushtuka kwa mbwa na kwa viatu, na macho ya watu humfukuza. Wapenzi wa ndege wanaombwa wasimtafute kabisa wakati wa masika. Tai mvuvi huyaona mambo kutoka juu ya mti, mbali na nyayo zetu, ndiyo maana aliweza kustahimili wageni 14,000.

Agosti inapofika, jike hutangulia kuondoka. Dume hubaki akiwavulia watoto mpaka wajitegemee, kisha naye huenda. Watoto hufuata bila wa kuwaonyesha njia, kama kilomita 5,000 hadi Senegal, Gambia na majirani zao, na hukaa huko miaka miwili au zaidi kabla ya kuuona tena msonobari.

Wa Uskoti hufuata pwani ya magharibi ya Afrika, lakini wenzao wa Ulaya ya kaskazini na mashariki hufika hadi kwetu. Kwa hiyo, msomaji, ukiwa Naivasha, Ziwa Viktoria au kwenye hori lolote la pwani kati ya Novemba na Machi, ukaona ndege mwenye tumbo jeupe na mstari mweusi jichoni, amesimama hewani anapigapiga mabawa juu ya maji, usimwite furukombe kwa haraka. Furukombe hukaa mtini na sauti yake husikika mbali. Huyu huwa kimya, na hujitupa majini akitanguliza miguu. Mtazame mapema. Kufika mwisho wa Aprili wengi wao huwa wameshaondoka.