Yatima wa Bukumbi

Kusini ya mji wa Mwanza, ukingoni mwa ghuba ya Ziwa Victoria, ipo Bukumbi. Aghalabu mwanafunzi wa historia huifahamu kuwa ni misheni kongwe ya Wakatoliki katika Usukuma, iliyoanzishwa mwaka 1883. Lakini Bukumbi ilikuwa pia makazi ya watoto wasiokuwa na kwao, na habari zao zinatufundisha nguvu ya wema pamoja na mipaka yake.

Asili ya jambo hili iko mbali. Mwaka 1867 njaa na maradhi viliikumba Algeria, na Askofu Mkuu Lavigerie akakusanya mayatima zaidi ya elfu moja. Gavana MacMahon alitaka watoto hao warudishwe kwa jamaa zao, Lavigerie akakataa. Mwaka 1868 alianzisha shirika la Mapadri Weupe. Kwa hiyo swali la nani mwenye haki ya kumlea yatima lilizaliwa pamoja na shirika lenyewe.

Desemba 1878 mapadri hao walifika Kageye, pwani ya ziwa, na baadhi yao wakavuka kwenda Buganda. Huko walikomboa watoto watumwa kwa mali. Walipoondoka Buganda mwishoni mwa mwaka 1882 walirudi kusini ya ziwa pamoja na watoto wao, kisha wakapiga kambi Bukumbi. Sehemu ya gharama za kazi kama hiyo ilitokana na Utoto Mtakatifu, chama kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843, ambacho kilichangisha senti za watoto wa Ulaya.

Watoto walipata chakula, mavazi, sala, kusoma na kazi za mikono. Huo ni wema usiokanika, kwani njia nyingine iliyowangoja ilikuwa mnyororo. Hata hivyo fedha iliyomwokoa mtoto mmoja iliingia mkononi mwa muuzaji, naye aliweza kurudi kuteka wengine. Tena wengi walioitwa yatima hawakufiwa: walikuwa na wazazi, ila hakuna aliyejua wako wapi.

Hapo ndipo tulinganishe na desturi ya wenyeji. Kwa Wasukuma, mtoto aliyefiwa alikuwa na baba mdogo, mama mkubwa, mjomba na bibi. Neno ng'wana, yaani mtoto wa fulani, hutangulia jina na kumtambulisha mtu kwa wazazi wake. Mtoto aliyekombolewa alipewa jina la ubatizo. Ng'wana wa nani, hapakuwa na wa kumjibu.

Tusidhani kwamba watoto hao wote walipotea. Atiman alitekwa angali mdogo karibu na mto Niger, akakombolewa na mapadri, akasomeshwa uganga huko Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu mpaka alipofariki mwaka 1956. Alipobatizwa aliitwa Adrien, lakini watu waliendelea kumwita Atiman. Mtu aliyenyang'anywa ukoo akawa tegemeo la koo za wengine.

Karne moja baada ya Bukumbi, swali lile lilirudi katika mwambao uo huo. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa mkoani Kagera, na baadaye mayatima wakawa wengi mno. Huko Bukoba, Kanisa la Kilutheri kwa huduma yake iitwayo Huyawa, yaani Huduma ya Watoto, liliwasaidia mayatima wakiwa majumbani mwa jamaa zao. Msaada ulimfuata mtoto kwa bibi yake, badala ya mtoto kuufuata msaada.

Wahenga walinena: mla nawe hafi nawe, ila mzaliwa nawe. Mayatima wa Bukumbi wanatutaka tuupime usemi huu kwa uangalifu. Waliokula nao waliwaokoa kweli, na shukrani ni haki yao. Lakini mkono unaotoa, uwe wa ng'ambo au wa hapa petu, umwulize mtoto kwanza: wewe ni ng'wana wa nani?